Uliza maji yalikuwaje: namba za kasi za zamani zinavyopotosha

Mashua mbili zimetoka Shela kuja Lamu mjini, siku mbili tofauti. Ya kwanza imetumia dakika 20, ya pili dakika 27. Nenda Mkunguni uwaambie manahodha waliokaa pale kwamba ya kwanza ndiyo yenye mbio. Hakuna atakayekubali wala kukataa kabla hajakuuliza. Upepo ulikuwa wa kusi au wa kaskazi? Maji yalikuwa yakijaa au yakipwa? Ni siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, au za maji mafu? Ilikuja kwa tanga moja au ilipiga bisho njia nzima, ikikata huku na huku kuukabili upepo? Mpaka upate majibu, dakika hizo ni habari za safari mbili, na mashua zenyewe bado hazijapimwa.

Ajabu ni kwamba vijana wa baraza hiyohiyo, wakifungua simu na kukuta kadi ya mbio za farasi za ng'ambo, huitazama namba ya kasi iliyoandikwa kando ya jina la farasi na kuishika kama kipimo cha daktari. Mwenye 92 atamshinda mwenye 85, basi, maneno yamekwisha. Maswali yote wanayoyajua kuhusu mashua wameyaacha majini.

Niseme mapema: hapa sizungumzii kamari. Kamari ina hukumu yake na watu wa hapa wanaijua. Nazungumzia ujuzi wa kumsoma mnyama wa mbio, ujuzi ambao mwenye punda wa mtaa wa Langoni anauhitaji sawa na mkufunzi wa farasi kule uwanja wa Ngong, Nairobi.

Tuanze na namba yenyewe. Muda mtupu haulinganishiki. Dakika 1 na sekunde 11 katika uwanja mmoja ni mbio za hali ya juu, katika uwanja mwingine ni mbio za kawaida tu. Kwa hiyo mkadiriaji, yaani mtu anayezitengeneza namba hizi, huchukua muda wa farasi, akaulinganisha na muda wa kawaida wa umbali ule, uwanja ule, kwa farasi wa daraja lile. Kisha huweka rekebisho la siku, yaani huondoa au huongeza kulingana na uwanja ulivyokuwa mwepesi au mzito siku hiyo, na mwisho huugeuza muda kuwa pointi. Uingereza, Phil Bull aliigeuza kazi ya aina hii kuwa biashara alipoanzisha Timeform mwaka 1948. Marekani, jina linalotajwa zaidi ni Andrew Beyer, ambaye namba zake zimekuwa zikichapwa katika gazeti la Daily Racing Form tangu 1992. Ni kazi ya watu makini na siidharau hata kidogo. Namba nzuri inashinda kubahatisha kwa jina au kwa rangi ya farasi.

Lakini jua pointi moja ina ukubwa gani. Katika vipimo vya Beyer, kwa mbio za farlongi 6, ambazo ni kama mita 1,200, urefu mmoja wa farasi una thamani ya pointi 2 na nusu hivi. Kwa maili moja ni chini ya pointi 2. Kwa hiyo ile tofauti ya 92 na 85 katika mbio fupi ni kama urefu wa farasi 3. Ishike hesabu hiyo, maana karibu kila dosari nitakayoitaja hapa inaweza peke yake kumeza urefu wa farasi 2 au 3.

Saa yenyewe huweza kukosea. Mwaka 1973 farasi Secretariat alishinda mbio za Preakness kule Marekani, na mashine ya uwanja ikaonyesha dakika 1 na sekunde 55. Mpimaji rasmi wa uwanja aliyeshika saa ya mkono alikuwa na 1:54 na mbili ya tano. Wapimaji wa Daily Racing Form walikuwa na 1:53 na mbili ya tano. Mbio ni moja, farasi ni mmoja, majibu matatu. Hadi mwaka 2012 ndipo tume ya mbio ya jimbo la Maryland ilipoupitia upya ushahidi na kutangaza kwamba muda sahihi ni 1:53. Kutoka 1:55 hadi 1:53 ni sekunde 2, na kwa kanuni ya kawaida ya urefu wa farasi 5 kwa sekunde, hapo umezungumzia urefu wa farasi 10. Hilo lilitokea kwenye mbio zinazotazamwa na taifa zima. Fikiria mbio za tatu za siku ya kawaida, uwanja mdogo, saa ya mkono.

Halafu kuna mahali saa inapoanzia. Marekani saa haianzi pale lango linapofunguka. Farasi hutoka langoni, hukimbia kipande, na wa mbele akikata mstari ndipo saa inaanza. Kipande hicho hakilingani kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, na kwenye nyasi kinaweza kubadilika hata katika uwanja uleule, kwa sababu lango husogezwa ili nyasi zisichakae mahali pamoja. Kipande kikiwa kirefu, farasi anafika kwenye mstari akiwa tayari kwenye mwendo mkali, na muda wake unapungua bila yeye kuongeza kitu. Asiyejua hili huona farasi ameimarika.

Penye uzito mkubwa zaidi ni rekebisho la siku, na hapa ndipo namba nyingi huharibikia. Tuchukue siku yenye mbio 8. Mbio 4 za mwanzo zimekimbiwa kwenye uwanja mkavu, kila moja kasi kuliko kawaida kwa nusu sekunde. Mvua ikanyesha. Mbio 4 za mwisho zikawa taratibu kuliko kawaida kwa sekunde 0.9 kila moja. Ukipiga wastani wa siku nzima unapata 0.2 upande wa taratibu. Wastani huo si wa asubuhi wala wa jioni. Farasi wa asubuhi atapewa namba kubwa kuliko anayostahili kwa sekunde 0.7, na wa jioni atanyang'anywa kiasi kilekile. Mkadiriaji mzuri huikata siku vipande viwili, tena akitazama saa mvua ilipoanza. Mkadiriaji mvivu, au programu isiyojua kwamba mvua ilinyesha, huacha wastani.

Hata bila mvua, uliza rekebisho limejengwa juu ya mbio ngapi. Mbio 8 au 9 za udongo ni msingi wa kutosha. Lakini siku hiyohiyo huenda kulikuwa na mbio 2 tu za nyasi, na rekebisho la nyasi likasimama juu ya hizo 2. Moja ikikimbiwa kwa mwendo wa ajabu, nyingine nayo inapata namba ya ajabu. Tena kuna mduara hapa: ili ujue uwanja ulikuwa mwepesi kiasi gani lazima ujue farasi walikuwa wazuri kiasi gani, na ubora wa farasi ndio hasa uliokuwa ukiutafuta.

Sasa kona. Hapa hesabu ni safi kabisa na haina ubishi. Kona ya nusu duara humwongezea farasi mita 3.14 kwa kila mita moja anayokaa mbali na reli, yaani uzio wa ndani wa uwanja. Farasi mmoja huchukua upana wa kama mita moja akikimbia. Aliyekuwa wa tatu kutoka ndani, yaani mita 2 nje, amekimbia mita 6.3 zaidi. Urefu wa farasi ni kama mita 2.4, kwa hiyo amepoteza urefu wa farasi 2 na nusu kwa kona moja tu, na saa haikuandika hata chembe yake. Wako wanaokadiria kwa kuhesabu njia aliyopita kila farasi, uzito aliobeba na hata upepo. Len Ragozin wa Marekani alijulikana kwa kazi hiyo. Namba nyingi zinazosomwa na umma hazina hesabu hiyo ndani yake.

Tuzipange hizi dosari pamoja kwa mfano wa kubuni, farasi wawili, farlongi 6. Wa kwanza amekimbia kwa 1:11.0, wa pili kwa 1:12.0. Kwa macho, wa kwanza yuko mbele kwa sekunde nzima. Siku ya wa kwanza uwanja ulikuwa mwepesi kwa sekunde 0.8, kwa hiyo muda wake wa haki ni 1:11.8. Siku ya wa pili uwanja ulikuwa mzito kwa 0.6, kwa hiyo wake ni 1:11.4. Tayari wamebadilishana nafasi. Wa kwanza alikumbatia reli, wa pili alikaa mita 2 nje kona nzima. Mita 6.3 kwa mwendo wa mita 16.8 kwa sekunde ni karibu sekunde 0.4. Wa pili sasa ni 1:11.0 na wa kwanza bado 1:11.8. Yule aliyeonekana nyuma kwa sekunde moja, ukimtendea haki, yuko mbele kwa sekunde 0.8, urefu wa farasi 4. Hakuna kilichobadilika ila tumeuliza maji yalikuwaje.

Jambo ambalo watu hulisahau kuliko yote, na mimi naliona ndilo lenye madhara makubwa, ni mwendo wa ndani ya mbio. Muda wa mwisho ni jumla, na jumla huficha vipande. Farasi anayekwenda mbele peke yake bila kusumbuliwa hupumua, hujipimia, na hufika na akiba. Farasi yuleyule akipata mwenzake wa kumbana ubavuni tangu mwanzo, huchoka mita 200 kabla ya mwisho. Namba yake ya kwanza itakuwa kubwa, ya pili ndogo, na mapafu ni yaleyale.

Kentucky Derby ya mwaka 2022 ni somo la kutosha. Mbio ni farlongi 10, kama kilomita 2. Wa mbele walipita robo maili ya kwanza kwa sekunde 21.78, kasi ambayo Derby haikuwahi kuiona mahali hapo, na nusu maili kwa 45.36. Huo ni mwendo wa mbio fupi. Waliokuwa mbele wakalipia baadaye. Rich Strike, farasi aliyeingizwa dakika za mwisho baada ya mwingine kuondolewa, na ambaye bei yake kwa wacheza kamari ilikuwa 80 kwa 1, alikuwa karibu na mkia, akapita ndani akiwapenya waliochoka, akashinda. Mtu akiichukua namba ya siku ile na kuibeba hadi mbio zilizofuata anabeba pia ule mwendo wa wazimu uliowamaliza wenzake. Mwendo huo haukujirudia. Mbio zake zilizofuata zilikuwa Belmont, mwendo ulikuwa wa kistaarabu, akamaliza wa sita.

Kwenye nyasi hali hugeuka kichwa chini. Mbio nyingi za nyasi huanza polepole, wapandaji wakivutana hatamu, kisha zinakuwa mbio halisi za mita 600 za mwisho. Muda wa jumla hutoka mbaya na namba hutoka ndogo, lakini huenda kulikuwa na farasi aliyekimbia mita 600 hizo kwa sekunde 34, na huyo ni mnyama wa kuogopwa. Namba ndogo hapo inakuambia tu kwamba hakuna aliyetaka kuongoza. Ukipata vipande vya muda, visome kabla ya jumla. Usipovipata, tazama picha za mbio na uandike nani aliongoza, kwa raha au kwa kubanwa.

Hii ndiyo sababu naonya kuchukua namba za udongo wa Marekani na kuzilinganisha na mbio za Ngong. Ngong ni nyasi, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Farasi aliyezaliwa na kulelewa huko ameizoea. Namba iliyopikwa kwa chumvi ya uwanja mwingine haina mahali pa kuwekwa pale. Hata ndani ya uwanja mmoja, reli ya nyasi huweza kusogezwa nje ili nyasi za ndani zipumzike, na ikisogezwa, kona na umbali vyote vinabadilika huku kadi ikiendelea kuandika umbali uleule wa jina.

Uzito nao. Kanuni ya zamani ya wakadiriaji wa Uingereza ni kwamba katika farlongi 5, ratili 3 ni sawa na urefu mmoja wa farasi, na katika maili moja ni ratili 2 hivi. Farasi aliyeweka namba yake nzuri akiwa amebeba ratili 112, leo anabeba 124 kwa maili moja. Ratili 12 ni urefu wa farasi 6 kwa kanuni hiyo. Wapo wanaosema kanuni inatia chumvi, na mimi sitaitetea hadi senti ya mwisho, lakini hata ukiikata nusu ni urefu wa farasi 3.

Kisha uangalie umbo la namba kwa mfululizo. Farasi ana 78, 81, 79, 94, 80, 77. Macho ya watu wote hukimbilia 94. Uliza siku ile ya 94 kulikuwa na nini: tope? Aliongoza peke yake? Mvua ilinyesha katikati ya siku na rekebisho likawa bovu? Mara nyingi utapata jibu, na jibu litakuwa kitu ambacho leo hakipo. Huyo ni farasi wa 79. Na kama ile 94 ilikuwa jasho lake halisi, nayo ina gharama yake. Farasi aliyejitoa kupita kiasi kisha akarudishwa uwanjani baada ya wiki 2 mara nyingi huporomoka, kwa kuwa misuli haijapona. Mpe wiki 5 au 6 uone.

Kinyume chake ni farasi mchanga. Miaka 3, namba 70, 76, 81, kila moja baada ya mwezi. Kwa huyu namba za zamani zinapotosha kwa kumpunja. Mwili wake bado unajengeka, na farasi wa miaka 3 wa mwanzo wa mwaka si yule wa mwisho wa mwaka. Ndiyo maana tangu karne ya 19, enzi za Admiral Rous wa Uingereza, kuna jedwali la kuwapunguzia wachanga uzito kulingana na mwezi na umbali. Ukipiga wastani wa hizo tatu unapata 75 na ushei, namba ya farasi ambaye hayupo tena.

Namba huaminika zaidi ikiwa tatu zinazofuatana zinakaribiana, zimetoka kwenye udongo au nyasi za aina moja na ya leo, umbali usiopishana sana na wa leo, na mbio zenyewe zilikwenda kwa mwendo tofauti. Farasi aliyepata 80, 82, 81 mara moja akiongoza, mara moja akifuata, mara moja akiwa amebanwa nje, huyo amejieleza. Mwenye 90 moja ya kuokota bado hajasema kitu.

Na sisi wa punda? Vijana siku hizi huwapima punda wao barabara ya pwani kwa saa ya simu, wakijiandaa kwa mashindano ya Maulidi au ya tamasha la utamaduni, na ni jambo jema. Ila kuna kosa moja linalorudiwa. Mtu anasimama mwisho wa njia na simu mkononi, mwenzake kule mwanzo anapiga filimbi, naye anabonyeza akisikia. Sauti husafiri kama mita 350 kwa sekunde katika joto letu. Njia ikiwa ya mita 600, filimbi inamfikia sekunde 1.7 baada ya punda kuondoka. Muda wote unaoandikwa ni mfupi kwa sekunde hizo. Kesho akipimwa njia ileile na mtu anayebonyeza kwa macho, sekunde hizo zinarudi, na punda yuleyule "amepungua mbio". Tumia kitambaa cheupe kinachoshushwa, ubonyeze kwa macho. Pima na watu wawili kila mmoja na simu yake. Wakipishana kwa zaidi ya nusu sekunde, rudieni.

Kando ya muda andika mambo haya, hata kwa kalamu nyuma ya karatasi ya sigara: njia ilikuwa kavu au imelowa kwa maji yaliyojaa, mpandaji ni nani na uzito wake, punda alikuwa peke yake au na wenzake (punda peke yake husinzia njiani, akiwa na mwenzake hukimbia), alipita katikati au alisukumwa ukingoni kwenye vidato vya gati, na siku mbili kabla ya hapo alikuwa amepumzika au alikuwa akipandisha mchanga na mawe ya kujengea kutoka jahazini.